Jina Halipo, Vidole Havisomi: Kutatua Matatizo ya Usajili wa Mpiga Kura Nairobi

Uchaguzi unaponukia, malalamiko ya wakazi wa Nairobi huwa yale yale. Mmoja ametuma namba ya kitambulisho akajibiwa hayumo. Mwingine yumo, ila kituo chake kiko Bungoma na yeye amepanga nyumba Kayole miaka mingi. Wa tatu ni fundi wa mawe, amebandika vidole vyote kumi na mashine haijamtambua. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Tafuta iliyo yako, anza na ukaguzi mwepesi, na ukikuta neno SIMAMA, usiendelee peke yako.

Onyo moja linatangulia yote, kwa kuwa kosa hili ndilo huzaa mengine: usijisajili upya eti kwa sababu hujaona jina lako. Karibu kila dalili iliyo hapa chini inamshawishi mtu kufanya hivyo. Kampuni ya KPMG ilipoikagua sajili kabla ya uchaguzi wa 2022, ilikuta rekodi 481,711 zilizojirudia. Sidhani kila moja ilikuwa ya mwizi wa kura. Wengine bila shaka ni watu waliohama mtaa, wakasahau, wakapanga foleni tena. Lakini sheria haiulizi ulisahau au ulikusudia kabla ya karani kukutilia shaka, na kujisajili zaidi ya mara moja ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016.

Kabla ya kwenda popote

Shika kitambulisho chenyewe mkononi, si picha yake iliyo kwenye simu. Kadi ya kitambulisho ina namba ya mfululizo na namba ya kitambulisho, na watu wengi hukagua kwa kutumia ile isiyofaa. Namba unayoitaka ni ya kitambulisho.

Kumbuka ulijisajili kwa stakabadhi gani. Kenya inakubali mbili tu: kitambulisho cha kitaifa au pasipoti ya Kenya. Aliyejisajili kwa pasipoti akikagua kwa namba ya kitambulisho anaweza kuambiwa hayumo, ilhali yumo.

Kumbuka pia ni lini. Sajili inayotumika sasa ilianza upya kabisa kati ya tarehe 19 Novemba na 18 Desemba 2012, alama za vidole zilipoanza kuchukuliwa kwa mashine za BVR (za kusajili wapiga kura kwa alama za mwili) nchi nzima. Kadi ya kura uliyopewa kabla ya hapo, hata ile uliyotumia kwenye kura ya maoni ya katiba mwaka 2010, ibaki kwenye albamu. Haina kazi nyingine.

Kagua kwenye mitambo ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, yenyewe. Mwaka 2022 watu walituma ujumbe mfupi kwenda 70000 au walikagua kwenye tovuti ya tume. Kabla ya kutuma chochote sasa, thibitisha kwenye kurasa rasmi za tume ni njia gani iko wazi. Kiungo kilichosambazwa kwenye kundi la WhatsApp la ploti, kinachoomba picha ya kitambulisho mbele na nyuma, kifute. Usajili hauwezi kukamilika kwa simu kwa sababu simu yako haichukui vidole kwa niaba ya tume. Na usajili ni bure. Anayekuomba "kitu kidogo cha kuharakisha" anakuibia.

Dalili ya 1: Nimekagua, naambiwa jina halipo

Sababu inayoongoza kwa mbali ni namba iliyoandikwa vibaya au stakabadhi isiyo sahihi, kama ilivyoelezwa hapo juu. Rudia polepole, mtu mwingine akikusomea tarakimu.

Ya pili ni kwamba hukuwahi kujisajili, ila unadhani ulijisajili. Hili linaudhi kulisikia lakini ni la kawaida. Mwaka 2019 serikali ilichukua picha na alama za vidole za mamilioni ya watu kwa ajili ya Huduma Namba, mpango wa kumpa kila mtu namba moja ya utambulisho. Ilikuwa foleni, kulikuwa na karani na mashine, na ukapewa karatasi. Haikuwa IEBC. Vivyo hivyo uanachama wa chama: ukiingia eCitizen na kukuta wewe ni mwanachama wa chama fulani, hiyo ni orodha ya Msajili wa Vyama vya Kisiasa, na haihusiani na sajili ya wapiga kura. Unaweza kuwa mwanachama mwaminifu wa chama na siku ya kura usiruhusiwe kupita mlangoni.

Ya tatu: kadi yako ni ya kabla ya 2012. Hapo huna rekodi, kwa hiyo unajisajili kama mpiga kura mpya, bila wasiwasi.

Ya nne: ulijisajili hivi karibuni. Data ya mashine ya mtaani haifiki kwenye sajili kuu papo hapo. Ukiwa na ile karatasi ndogo uliyopewa na karani, itunze. Haihitajiki kupigia kura, lakini ndiyo ushahidi wako kwamba ulifika, na ina kituo chako.

Sababu adimu ni kwamba rekodi yako imeondolewa au imefungiwa kwa kuwa ilichanganywa na ya mtu mwingine. Ukaguzi ule wa 2022 ulikuta pia rekodi 246,465 za watu waliofariki, na tume ina wajibu wa kusafisha sajili. Kama namba yako iliingizwa kwa kosa kwenye orodha ya marehemu, hutajua hadi ukague.

Hatua: nenda ofisi ya IEBC ya eneo bunge lako na stakabadhi halisi, umwombe afisa akutafute kwenye mfumo kwa namba na kwa majina. Afisa akithibitisha kwamba hakuna rekodi, hapo ndipo unajisajili upya. Utaratibu ni huo: afisa kwanza, mashine baadaye.

SIMAMA ikiwa uliwahi kupiga kura 2013, 2017 au 2022 na sasa afisa anasema huna rekodi popote. Usikubali kusajiliwa upya haraka haraka ili mambo yaishe. Omba uandikishe dai rasmi kwamba jina lako limekosekana. Sheria ya Uchaguzi inampa mtu haki ya kuwasilisha dai hilo kwa afisa wa usajili, na asiporidhika na uamuzi anaweza kukata rufaa katika mahakama ya hakimu mkuu. Hapo tafuta wakili au shirika la msaada wa kisheria.

Dalili ya 2: Karani amekataa kunisajili

Mara nyingi karani yuko sahihi, na shida ni kile ulichobeba. Karatasi ya kusubiri kitambulisho haikubaliki. Nakala haikubaliki, hata ikiwa imepigwa muhuri na wakili. Picha kwenye simu haikubaliki. Pasipoti iliyokwisha muda itakuletea mabishano usiyoyahitaji.

Halafu kuna vitambulisho ambavyo vipo, ila haviko mkononi mwa mwenyewe. Nairobi hili ni tatizo lake lenyewe. Kadi imeachwa kwa askari wa geti kwenye jengo fulani katikati ya jiji na mwenyewe akatokea mlango mwingine. Kadi iko kwa shailoki kama dhamana ya mkopo wa elfu tatu. Kadi iko kwa mwenye duka la simu. Ukingoja hadi wiki ya mwisho ya usajili ndipo uanze kuifuatilia, umechelewa. Na kama ni mwanasiasa au wakala wake anayekusanya vitambulisho vya watu mtaani, kwa ahadi yoyote ile, usimpe.

Aliyepoteza kadi aombe nyingine katika Ofisi ya Usajili wa Watu au Huduma Centre. Namba ya kitambulisho haibadiliki unapopewa kadi mbadala. Kwa hiyo kama ulikuwa umesajiliwa kupiga kura, bado umesajiliwa. Hapa ndipo wengi huteleza: wanapata kadi mpya, wanadhani kila kitu ni kipya, wanarudi kwenye foleni ya usajili.

Umri nao. Lazima uwe umetimiza miaka 18 na uwe na stakabadhi inayoonyesha hivyo. Anayesema "nitatimiza kabla ya uchaguzi" bado hana kitambulisho, na bila kitambulisho karani hana la kufanya. Mzazi mwenye kijana wa kidato cha nne, anza safari ya kitambulisho siku anayotimiza miaka 18.

Karani akikataa na una stakabadhi halali, sababu inayobaki ni tuhuma kwamba si raia. Wakazi wa Eastleigh wenye asili ya Kisomali na Wanubi wa Kibra wanaijua habari hii kuliko mimi. Karani wa kura hana mamlaka ya kuhoji uraia wa mtu aliyeshika kitambulisho halali. Haombi jina la babu yako wala barua ya chifu. Akiomba, mwulize jina lake na kituo, andika saa, na upande kwa msimamizi wake.

SIMAMA ikiwa kitambulisho chenyewe ndicho kilichokataliwa kutolewa, kwa mfano kwa sababu alama zako za vidole zimekutwa kwenye rekodi za wakimbizi. Raia kadhaa wamenaswa humo tangu utotoni, familia zilipojiandikisha kambini ili kupata chakula wakati wa ukame. Hiyo si kazi ya IEBC, na hakuna afisa wa uchaguzi atakayeitatua. Inahitaji Ofisi ya Usajili wa Watu, na mara nyingi wakili.

Dalili ya 3: Nimeenda kujisajili, sikumkuta mtu

Pengine ulienda mahali pasipofaa. Usajili wa kila siku hufanyika katika ofisi za IEBC za maeneo bunge na katika baadhi ya Huduma Centre. Makarani wenye hema sokoni, kanisani na stendi ya matatu huonekana tu wakati wa kampeni maalumu za usajili wa wengi, ambazo zina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Shule uliyopigia kura 2022 haina karani leo.

Pengine usajili umesitishwa. Baada ya makamishna waliobaki kumaliza muda wao Januari 2023, tume ilikaa bila viongozi hadi Julai 2025, Erastus Ethekon alipoapishwa kuwa mwenyekiti. Usajili endelevu ulirejea tarehe 29 Septemba 2025. Hata hapo haukurejea kila mahali: maeneo yaliyokuwa na uchaguzi mdogo wa tarehe 27 Novemba 2025 yaliachwa nje, na jijini Nairobi hiyo ilikuwa wadi ya Kariobangi North. Kanuni ni hiyo siku zote. Kiti kikitangazwa kuwa wazi, usajili wa eneo hilo hufungwa hadi uchaguzi mdogo uishe.

Na pengine umechelewa. Sheria inafunga usajili siku 60 kabla ya uchaguzi mkuu. Uchaguzi ujao ni Jumanne tarehe 10 Agosti 2027, kwa hiyo kwa hesabu ya kalenda mlango unafungwa karibu tarehe 11 Juni. Uhamisho wa kituo una muda mfupi zaidi: lazima uarifu tume angalau siku 90 kabla, yaani kufikia karibu tarehe 12 Mei 2027. Watu huchanganya tarehe hizi mbili, wanafika Mei mwishoni kuhama wakijua usajili bado uko wazi, na wanarudishwa.

Dalili ya 4: Jina lipo, lakini kituo si cha hapa

Hapa ndipo kwenye kazi kubwa, kwa sababu Nairobi ni jiji la wapangaji na watu wake huhama kila kodi inapopanda.

Sababu ya kawaida ni ushago. Ulijisajili Krismasi ukiwa nyumbani kwenu, au ulipomaliza shule. Kinachofuata ni kusajiliwa ukiwa mwanafunzi, chuoni, halafu ukahitimu ukahama. Kisha kuna waliohama mtaa mmoja hadi mwingine ndani ya jiji. Na wapo waliorudi kutoka Ghuba: aliyejisajili kwa pasipoti akiwa Dubai au Doha kwa ajili ya uchaguzi wa 2022 bado yuko huko kwenye sajili, na huko alikuwa na haki ya kumchagua rais tu.

Kabla ya kuamua kuhama, hesabu unachopoteza. Siku ya uchaguzi mkuu unapewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na MCA (mwakilishi wa wadi). Ukiwa umesajiliwa ushago na unaishi Pipeline, ni ya rais pekee inayokuhusu kote kuwili. Maji yasiyofika ploti yako, taka zisizozolewa, leseni ya kibanda chako, hayo yote yataamuliwa na watu ambao hukuwapigia kura. Ukihama kutoka Pipeline hadi Zimmerman, gavana, seneta na mwakilishi wa wanawake ni wale wale. Kinachobadilika ni mbunge na MCA. Uamuzi ni wako, na wapo wenye sababu nzuri za kupigia kura kwao. Ila maoni yangu ni kwamba anayelalamikia kaunti Januari hadi Desemba angepiga kura ndani ya kaunti hiyo.

Halafu thibitisha kwamba kweli unaishi Nairobi. Si mzaha. Githurai 44 iko Roysambu, ndani ya Nairobi. Githurai 45, ukivuka barabara ya Thika, iko Ruiru, kaunti ya Kiambu. Kahawa West ni Nairobi, Kahawa Wendani na Kahawa Sukari ni Kiambu. Ruaka ni Kiambu. Ongata Rongai ni Kajiado. Mlolongo na Syokimau ni Machakos. Matatu zao zote huita "tao" na wakazi wake hujiita watu wa Nairobi, lakini gavana wao ni mwingine. Ukihamisha kura kwenda kituo cha jijini kwa kudhani ndiko kwako, utakuwa umerudia kosa lile lile ulilotaka kulirekebisha.

Ndani ya jiji lenyewe kuna maeneo bunge 17 na wadi 85, na matano kati ya maeneo bunge hayo yanaitwa Embakasi. Umoja iko Embakasi West, Kayole iko Embakasi Central, Dandora Embakasi North, Utawala Embakasi East, na Pipeline Embakasi South. Ukimwambia karani "Embakasi" tu, hujamwambia kitu.

Jinsi ya kuhama: nenda mwenyewe, na stakabadhi uliyojisajili nayo, kwenye ofisi ya IEBC ya eneo bunge unalohamia, si unalotoka. Omba fomu ya uhamisho, si ya usajili mpya. Sema neno "uhamisho" waziwazi, kwa sababu foleni ikiwa ndefu karani anaweza kukuchukua kama mpya na mfumo ukakukamata kuwa umejirudia. Hutahitaji mkataba wa nyumba wala bili ya stima. Chagua kituo unachoweza kufika kwa miguu, kisha baada ya wiki kadhaa kagua tena kuona kama kimebadilika.

SIMAMA ikiwa unahamishwa na mtu. Basi limelipiwa, nauli ya kurudi ipo, na kuna mia tano juu yake ili ujisajili katika wadi ya mwaniaji fulani. Hiyo ni hongo, na anayeipokea anashtakiwa kama anayeitoa.

Dalili ya 5: Mashine haisomi vidole

Wanaoripoti hili zaidi ni mafundi wa ujenzi, akina mama wanaofua nguo za watu, wanaoshughulika na saruji, sabuni kali au samaki, na wazee. Ngozi imelika, mistari imefifia.

Anza na mepesi. Nawa mikono kwa maji na sabuni ya kawaida, uikaushe kabisa. Ngozi iliyokauka na kupasuka ipakwe mafuta kidogo usiku uliotangulia, lakini isiwe na mafuta wakati wa kubandika. Mwombe karani afute kioo cha mashine. Baada ya watu mia moja kioo huwa na utando. Bandika kidole kikae bapa, usikandamize. Wengi hukandamiza kwa hasira na mistari hujibana. Jaribu vidole vingine, karani anavihitaji vyote kumi wakati wa usajili lakini si lazima kila kimoja kiwe kizuri.

Tangu usajili uliporejea Septemba 2025, tume inachukua pia picha ya mboni ya jicho. Kama vidole vyako ni vya kazi ngumu, hakikisha mboni imechukuliwa kabla hujainuka kwenye kiti. Aliyesajiliwa zamani na anayepata shida kila uchaguzi, aulize katika ofisi ya eneo bunge lake kuhusu kuongeza taarifa hizo mapema. Asiyekuwa na mikono au vidole ana haki ya kusajiliwa kama mtu mwingine yeyote. Asikubali kurudishwa nyumbani.

Dalili ya 6: Majina hayalingani

Kama kosa liko kwenye sajili ya kura na kitambulisho kiko sawa, ni jambo la dakika chache ofisini: peleka kitambulisho, omba marekebisho ya taarifa. Herufi moja iliyokosewa, "Wanjiku" ikawa "Wanjuki", kwa kawaida haitakuzuia kupiga kura maana mfumo hutafuta kwa vidole na namba. Irekebishe hata hivyo.

Kama kosa liko kwenye kitambulisho, usianzie IEBC. Anza na Ofisi ya Usajili wa Watu, upate kadi iliyo sahihi, ndipo uende tume. Waliobadilisha jina baada ya ndoa wafuate mpangilio huo huo. Ukianza kinyume utarekebisha mara mbili.

Waliojisajili kwa pasipoti wana tatizo la ziada: pasipoti mpya huja na namba mpya. Siku ya kura unatakiwa kubeba stakabadhi uliyojisajili nayo. Kwa hiyo pasipoti ikibadilishwa, pitia ofisini mapema, hata kama hakuna aliyekuambia.

Dalili ya 7: Naambiwa nimeshasajiliwa, na sijawahi, au nimehamishwa bila kujua

Kwanza, jikague kwa uaminifu. Kuna waliosajiliwa katika kampeni za wengi za 2017 au 2021, wakiwa na haraka, na wakasahau kabisa. Uliza ofisini tarehe na kituo cha usajili huo. Mara nyingi kumbukumbu hurudi mtu akisikia jina la shule.

Ikiwa tarehe hiyo ulikuwa bado hujapata kitambulisho, au kituo ni cha kaunti ambayo hujawahi kukanyaga, basi namba yako imetumika. Inaweza kuwa karani aliingiza tarakimu vibaya, na ya mtu mwingine ikawa yako. Inaweza kuwa hila. Ukaguzi wa 2022 ulikuta rekodi 226,143 zilizosajiliwa kwa namba za vitambulisho zisizo za wahusika, kwa hiyo usidhani uko peke yako, wala usimruhusu mtu akuambie haiwezekani.

SIMAMA hapa. Usisaini fomu ya uhamisho ili "kurudisha" kura yako, kwa kuwa saini hiyo inathibitisha kwamba ile rekodi ya kwanza ilikuwa yako. Andika malalamiko kwa maandishi kwa mratibu wa uchaguzi wa eneo bunge, ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Ukiona dalili za wizi wa kitambulisho, kwa mfano laini za simu au mikopo usiyoijua imesajiliwa kwa jina lako, ripoti polisi na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Jibu likichelewa, Tume ya Haki za Utawala hupokea malalamiko ya raia dhidi ya ofisi za umma.

Dawa ya kuzuia ni kukagua mapema. Kabla ya uchaguzi mkuu tume hulazimika kisheria kufungua sajili kwa siku 30 ili kila mtu athibitishe taarifa zake. Rekodi iliyohamishwa kisirisiri ikigunduliwa katika siku hizo hurekebishika. Ikigunduliwa asubuhi ya kura, hairekebishiki.

Dalili ya 8: Ni siku ya kura, niko kituoni, sipatikani

Usiondoke bado. Kwanza hakikisha uko kwenye chumba chako. Sheria hairuhusu zaidi ya wapiga kura 700 kwa kituo kimoja, kwa hiyo shule kubwa kama Moi Avenue Primary, kule Starehe, hugawanywa kuwa vyumba vingi, na watu hupangwa kwa alfabeti ya majina. Unaweza kupanga foleni kwa muda wa saa tatu kwenye mlango usio wako. Tafuta orodha iliyobandikwa ukutani, au mwombe karani wa langoni akuangalie kwenye KIEMS, mashine ya kutambua wapiga kura, na akuelekeze chumba.

Kama uko chumba sahihi na kidole hakisomi, karani anapaswa kukutafuta kwa namba ya kitambulisho. Ukipatikana hivyo, Fomu 32A hujazwa mbele ya mawakala, kisha unapewa karatasi zako. Hii si hisani ya karani: kifungu cha 44A cha Sheria ya Uchaguzi kinataka kuwe na njia mbadala pale mashine inaposhindwa. Karani akikwambia "mashine imekataa, nenda nyumbani", mwombe msimamizi wa kituo, na umtajie Fomu 32A kwa jina. Mawakala wa vyama na waangalizi walioko chumbani wasikie.

Ukitafutwa kwa namba na bado hupo, au upo katika kituo cha kaunti nyingine, hapo hakuna marekebisho ya siku hiyo. Msimamizi hana uwezo wa kukuongeza. Kama kituo chako halisi ni cha mtaa wa jirani na saa bado zipo, panda boda uende: vituo hufungwa saa kumi na moja jioni, lakini aliyefika kwenye foleni kabla ya saa hiyo hupiga kura hata giza likiingia.